Cheti cha ufundi kwenye chuo cha jamii: nichague uchomeleaji au viyoyozi?

Mtoto wa Uvira (mwanzisha mada)

Habari za siku, ndugu zangu. Ninaishi Louisville, Kentucky, na huu ni mwaka wangu wa tatu tangu nitoke kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ambako nilikaa muda mrefu kiasi kwamba wanangu wawili wa kwanza kati ya watatu walizaliwa huko. Ninafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo, na mgongo umeanza kudai haki yake. Mimi na mke wangu tumekubaliana kwamba mwaka huu nirudi darasani, si kwa ajili ya shahada ya miaka 4, bali kwa cheti cha ufundi kitakachonipatia kazi ya mchana.

Nilikwenda kwenye chuo cha jamii, yaani kile cha umma, nikapewa karatasi zenye majina ya vyeti vingi: uchomeleaji, majokofu na viyoyozi, umeme, ukerezaji wa vyuma, useremala. Vingine ni vya muhula mmoja, vingine vya mwaka mzima, na dada wa mapokezi alinieleza kwamba masomo ya cheti kimoja yanaweza kuhesabiwa baadaye ukitaka kuendelea hadi stashahada. Nilielewa nusu. Wiki hiyo hiyo nilijaza fomu ya chuo kimoja cha binafsi mtandaoni, na tangu hapo wananipigia simu asubuhi, mchana na jioni, wakiniahidi kwamba baada ya miezi 7 nitakuwa mchomeleaji kamili. Ada yao ni zaidi ya mara tatu ya ile ya chuo cha jamii, na sehemu kubwa wanataka niilipe kwa mkopo.

Naomba ushauri wa waliopitia njia hii. Je, cheti cha chuo cha jamii kinatambuliwa na waajiri, au ni karatasi ya kutundika ukutani? Kati ya uchomeleaji na viyoyozi, ni upi unaomfaa mtu wa miaka 36 ambaye Kiingereza chake kinatosha kazini lakini hakitoshi kwenye kitabu? Na kuhusu shule, nilifanya mtihani wa taifa wa Kongo kule kambini, lakini nilicho nacho mkononi ni hati ya matokeo kwa Kifaransa, si diploma yenyewe. Hilo litanizuia?

Fundi wa Gerezani

Ndugu yangu, pole na hongera kwa pamoja. Mimi nilianza kuchomelea Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa na miaka 17, na sasa niko Ohio katika karakana ya vyuma vya majengo. Kabla hujauliza uchague ufundi upi, uliza kila ufundi unaishia kwenye karatasi ipi na ni nani anayeitoa, kwa sababu hapa Marekani cheti cha chuo, cheti cha taaluma na leseni ya jimbo ni vitu vitatu tofauti, na watu wengi hugundua tofauti hiyo wakiwa wameshalipa ada.

Katika uchomeleaji kwa kawaida hakuna leseni ya jimbo. Kinachokuingiza kazini ni mtihani wa mikono, na mara nyingi huufanya mbele ya mwajiri mwenyewe siku ile ile ya usaili. Mitihani mingi ya vyuma vya majengo hufuata kanuni inayoitwa D1.1 ya American Welding Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1919. Chama hicho pia hutoa cheti cha mchomeleaji, na mtu anaruhusiwa kuufanya mtihani wake hata kama hajawahi kukanyaga chuo chochote. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba baada ya miezi 7 utakuwa "mchomeleaji kamili" anakuuzia kitu asichokimiliki. Atakupa mafunzo tu. Hukumu iko kwenye chuma.

Nikueleze mtihani wenyewe ulivyo, ili ujue unachokwenda kununua. Unapewa vibao viwili vya chuma vyenye unene wa 3/8 ya inchi, kingo zake zimekatwa mshazari, vimeachana kwa robo ya inchi na nyuma yake kuna ukanda wa chuma. Unajaza pengo hilo tabaka kwa tabaka, kwanza vibao vikiwa vimesimama wima, kisha vikiwa juu ya kichwa chako, cheche zikikuangukia shingoni. Ukimaliza, msimamizi anakata vipande vyembamba katikati ya mshono na kuvikunja kwa mashine mpaka viwe na umbo la herufi U. Ukifunguka ufa unaozidi milimita 3, umeanguka, hata kama mshono kwa nje unang'aa kama shilingi mpya. Mimi nilianguka mara ya kwanza. Nilikuwa na uzoefu wa miaka 11 wa kutengeneza mageti na madirisha, na geti halikunjwi na mtu.

Chuo ndicho kilichonionyesha kosa langu. Vijiti vya kuchomelea vya aina ya E7018 haviruhusiwi kukaa wazi hewani kutwa nzima. Pakiti ikishafunguliwa vinatunzwa kwenye tanuri dogo lenye joto la nyuzi 120 za Selsiasi au zaidi, kwa sababu vikinyonya unyevu vinaingiza hidrojeni kwenye chuma na mshono unapasuka kutokea ndani. Kule kwetu vijiti vilikuwa vikikaa kwenye ndoo mlangoni mwa karakana, masika na kiangazi, na hakuna aliyewahi kuniambia neno. Mwalimu mmoja mzee aliinusa kazi yangu kwa mbali akaniuliza vijiti nimevitoa wapi.

Faida nyingine ya chuo ni saa za kufanya mazoezi. Siku utakayotembelea, usiishie ofisini. Omba uingie karakana uhesabu vibanda vya kuchomelea, uvilinganishe na idadi ya wanafunzi wa zamu moja, na uulize kama chuma cha mazoezi na mtihani wa D1.1 vimo ndani ya ada. Kofia, glovu, koti la ngozi na viatu vigumu mara nyingi unajinunulia mwenyewe.

Jifunze pia kusoma tepu ya kupimia ya Kimarekani mapema. Sisi tuliozoea milimita tunadhani ni jambo dogo, mpaka msimamizi anapokuagiza ukate 5/8 nawe ukadhani 9/16 ni kubwa zaidi kwa sababu 9 ni kubwa kuliko 5. Nilishuhudia mtu akirudishwa nyumbani kwa hilo.

Dada wa Likoni

Kaka yangu wa Uvira, nimemsoma Fundi wa Gerezani na nakubaliana naye kuhusu karatasi, ila upande wa majokofu na viyoyozi mambo yamekaa kinyume. Mimi niko Des Moines, Iowa, nilisoma cheti cha mwaka mmoja chuo cha jamii nikiwa na watoto, na kwetu sheria inatangulia mikono.

Fundi yeyote anayefungua mfumo wenye gesi ya kupozea lazima awe na cheti cha serikali kuu kinachotokana na kifungu cha 608 cha sheria ya hewa safi. Sharti hilo lipo tangu mwaka 1994. Mtihani ni wa maandishi na una sehemu nne: ya msingi, ya vifaa vidogo, ya mifumo ya shinikizo la juu na ya shinikizo la chini. Kila sehemu ina maswali 25 na unatakiwa upate 18. Ukifaulu zote nne unapewa cheti cha jumla, na hakiishi muda wake maisha yako yote. Sasa linganisha na uchomeleaji: ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuchomelea kwa njia uliyopimwa, unarudi kupimwa upya.

Huo mtihani wa 608 mtu anaweza kuusomea nyumbani na kuufanya bila chuo, kwa hiyo usikubali chuo kikuuzie kana kwamba wao ndio wanaoumiliki. Lakini cheti cha 608 peke yake kinakuruhusu kugusa gesi, hakikuruhusu kujitegemea. Juu yake kuna leseni ya jimbo. Kwenu Kentucky unaanza kwa kusajiliwa kama mwanagenzi na kufanya kazi miaka 2 chini ya fundi mkuu mwenye leseni, ndipo unapofikia mtihani wa ngazi inayofuata. Muulize mshauri wa masomo swali hili kwa maneno haya haya: saa zangu za darasani zinapunguza kitu gani katika miaka hiyo? Akianza kuzunguka, mpigie simu mtu wa leseni wa jimbo mwenyewe.

Jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi ni gesi zenyewe. Tangu Januari 2025, viyoyozi vipya vya majumbani vimeanza kuachana na gesi ya R-410A na kuhamia R-32 na R-454B, ambazo zinaweza kushika moto, ijapokuwa si kwa wepesi. Hiyo ina maana ya vifaa tofauti na tahadhari tofauti. Ukiingia karakana ya chuo ukakuta mitambo yote ya kufundishia ni ya zamani, uliza watabadilisha lini. Mimi nilisoma kwa mitambo ya zamani na nikalazimika kujifunza upya kazini, kwa muda wangu mwenyewe.

Kuhusu Kiingereza, sitakuficha. Uchomeleaji unakupa nafasi ya kujibu kwa mikono, lakini viyoyozi ni kazi ya kuongea. Unaingia nyumbani kwa mtu, unamweleza kwa nini feni inazunguka na ubaridi haupo, unaandika ripoti, unasoma mchoro wa nyaya uliobandikwa ndani ya kifuniko kwa maandishi madogo kama ya dawa. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikipiga picha kila kifuniko na kukisoma usiku. Ila uliza chuoni kama wana darasa linalofundisha Kiingereza na ufundi kwa pamoja, walimu wawili katika chumba kimoja. Mpango huo unatambuliwa na sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014, na ndio ulionivusha mimi.

Neno moja kwa akina mama wanaosoma hapa bila kuandika: darasani tulikuwa wanawake wawili kati ya 19, na mimi ndiye niliyekuwa nikiingia kwenye dari nyembamba ambazo wanaume walishindwa kupita.

Mjaza Fomu

Ndugu mwanzisha mada, mimi si fundi. Kazi yangu ya kujitolea kila Jumamosi ni kuwasaidia watu wetu kujaza fomu, na swali lako la fedha halijajibiwa.

Anza na FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali kuu, ambayo kuijaza ni bure. Mtu akikudai hata dola moja kwa ajili ya kukujazia, ondoka. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anastahili kuomba, na aliyeingia kwa hadhi ya ukimbizi ametambuliwa kwa miaka mingi katika kundi hilo hilo. Ruzuku ya Pell ya serikali kuu, ambayo kiwango chake cha juu katika mwaka wa masomo wa 2025–26 ni dola 7,395, hairudishwi kama mkopo. Kwa familia ya watoto watatu na mshahara wa ghala, mara nyingi ruzuku hiyo inafunika ada ya chuo cha jamii na kubakiza kitu cha vitabu na vifaa.

Mtego uko kwenye urefu wa programu. Kwa kanuni ya kawaida ya Pell, programu ya cheti inatakiwa iwe na angalau wiki 15 na saa 600 za mafunzo, au krediti (alama za uzito wa masomo) 16 za muhula. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 imefungua Pell kwa programu fupi za wiki 8 hadi chini ya 15 kuanzia Julai 1, 2026, lakini si kila kozi fupi itaingia, kwa sababu ni lazima iidhinishwe na jimbo na ionyeshe kwamba asilimia 70 ya wanafunzi wanamaliza na asilimia 70 wanapata kazi. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kinapokea Pell. Uliza kama cheti hiki hiki unachokitaka kinapokea Pell, na kama masomo yake yana krediti. Vyuo vingi vya jamii vina milango miwili: upande wenye krediti, ambao masomo yake yanaweza kuhesabiwa kwenye stashahada kama alivyokueleza dada wa mapokezi, na upande wa kozi fupi zisizo na krediti, ambazo zinaweza kuwa nzuri sana lakini mara nyingi hazihesabiwi popote. Karatasi za pande zote mbili huandikwa "cheti", na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Mtego wa pili ni huu: Pell ina kikomo cha maisha kinacholingana na mihula 12 ya masomo kamili. Vyuo vya binafsi navyo hupokea Pell, na ukiimaliza kwenye ada ya mara tatu, haikusubiri.

Kentucky pia ina ufadhili unaoitwa Work Ready, unaolipa pengo la ada linalobaki baada ya misaada mingine kwa anayesomea sekta tano zilizochaguliwa, na ujenzi na uzalishaji viwandani vimo. Haumhusu mtu ambaye tayari ana stashahada au shahada. Vyuo vya jamii vya umma kwenu viko chini ya mfumo mmoja tangu mwaka 1997, kwa hiyo ukikosa nafasi kampasi moja, tazama nyingine.

Hati yako ya Kifaransa usiitupe na usiidharau. Itafsiriwe kwa Kiingereza, kisha uiulize ofisi ya usajili kama tafsiri inatosha au wanataka tathmini ya taasisi inayotambuliwa, kwani tathmini ina gharama na si kila chuo kinaidai. Ikikataliwa kabisa, unaweza kufanya mtihani wa GED, unaosimama badala ya cheti cha sekondari, wenye masomo manne. Ipo pia njia ambayo wengi hawaijui: asiye na cheti cha sekondari anaweza kupata msaada wa serikali akiingia programu inayounganisha elimu ya watu wazima na ufundi, endapo atafaulu mtihani uliokubaliwa au kumaliza krediti 6. Si kila chuo kina programu hiyo.

Mwanagenzi wa Mwaka wa Tatu

Naomba niwe mkorofi kidogo. Wote mmejibu kana kwamba lazima mtu alipe kwanza ndipo ajifunze. Mimi ni mwanagenzi wa umeme kupitia chama cha wafanyakazi, na tangu siku ya kwanza ninalipwa. Ni miaka 5 na saa 8,000 za kazi, darasa ni la jioni, na mshahara unapanda kwa hatua kadiri saa zinavyoongezeka. Mafundi bomba na wa mifumo ya mvuke wana mpango wa namna hiyo hiyo. Mlango wake ni mtihani wa aljebra na wa kusoma na kuelewa Kiingereza, pamoja na cheti cha sekondari au GED, kisha usaili. Nafasi hazifunguliwi kila siku, na mimi nilisubiri miezi 9.

Kwa anayejua umeme wa nyumbani, nimwonye jambo moja. Katika nyumba za zamani za Kenya na Tanzania tulifundishwa kwamba waya mwekundu ndio wenye moto na mweusi hauna. Hapa mweusi ndio wenye moto, na usio na moto ni mweupe. Wiki yangu ya kwanza mkono ulikwenda kwenye mweusi wenyewe, bila kuniuliza, na fundi wangu akanishika kiwiko. Volti 120 ni ndogo kuliko 230 za kwetu, lakini zinaua vilevile.

Fundi wa Gerezani

Mwanagenzi, sikupingi, ila msomaji wetu ana watoto watatu, anafanya kazi usiku na Kiingereza cha kitabu kinamsumbua. Kumwambia asubiri miezi 9 kwa ajili ya mtihani wa kusoma ni kumrudisha ghalani. Muhula mmoja wa chuo chenye hesabu za ufundi ndani yake unaweza kuwa ngazi ya kuufikia uanagenzi huo huo, na baadhi ya mipango humpunguzia muda aliyekuja na krediti.

Mtoto wa Uvira (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana, kaka zangu na dada yangu. Jana nilitoka kazini saa 12 asubuhi na sikulala. Nilikwenda moja kwa moja chuoni. Niliomba kuingia karakana ya uchomeleaji na nikahesabu vibanda 16, wanafunzi 14, na tanuri la vijiti lilikuwa linawaka, nililigusa kwa nje. Mwalimu alicheka nilipomuuliza kuhusu E7018, akaniuliza nimefundishwa na nani.

Cheti nilichokichagua ni cha uchomeleaji, kina krediti zaidi ya 16, na mtihani wa D1.1 umo ndani ya ada. Mshauri wa masomo alithibitisha kwamba kinapokea Pell. Hati yangu wameikubali kwa muda wakati inatafsiriwa. Viyoyozi nimeviweka pembeni mpaka Kiingereza kitengemae, na dada wa Likoni asinichukie. Mpaka sasa kuna jambo moja ambalo sijalipatia jibu: darasa la jioni linaisha saa 4 usiku, na zamu yangu inaanza saa 4 na nusu upande wa pili wa mji. Kama kuna mtu wa Louisville anayesoma hapa na ambaye amewahi kumwomba msimamizi wa ghala abadilishiwe zamu kwa sababu ya masomo, naomba aniambie barua aliiandikaje.

Chuo cha binafsi wamepiga simu tena leo. Niliwauliza ni nani anayesimamia mtihani wa kukunja vipande vya chuma na kama gharama yake imo ndani ya ada. Dada wa watu akaniambia atauliza, kisha atanipigia.